Magorofa au viwanja? Mjadala wa makazi na daladala Dodoma

Wadau, huku Miyuji ubishi huu hauishi vijiweni: Dodoma ijengwe magorofa, au kila mtu apate kiwanja chake? Wengi wanabisha bila kugusa usafiri, na kiini kiko hapo. Haya ndiyo ya msingi, ili mtu akibisha abishe na data.

MSONGAMANO NI NINI
Mipango miji hugawa maeneo kwa msongamano. Msongamano mkubwa ni viwanja vidogo au magorofa, watu wengi eneo dogo. Msongamano mdogo ni viwanja vikubwa, nyumba moja moja na bustani, kama Uzunguni.

HISTORIA KWA KIFUPI
- 1973: TANU yaamua makao makuu yahamie Dodoma. CDA yaundwa.
- 1976: Mpango Kabambe wa kwanza, uliochorwa na Project Planning Associates ya Canada. Haukutaka mji wa magorofa marefu. Ulitaka jumuiya ndogo ndogo zilizounganishwa na njia za mabasi, mtu atembee kwa miguu hadi kituoni.
- 2016: Rais Magufuli atangaza serikali inahamia. 2017 CDA ikavunjwa, 2018 Dodoma ikawa jiji.
- Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022: 765,179.

USAFIRI UNAINGIAJE
Daladala inafuata abiria. Nyumba zikiwa mbali mbali konda hapati vichwa, kwa hiyo gari halikanyagi mitaa ya ndani, linaishia barabara kubwa. Kutoka hapo ni bodaboda, bajaji au mguu. Mwanafunzi na mama ntilie wanalipa nauli mara mbili kwenda, mara mbili kurudi. Mabomba na nguzo za umeme nazo zinarefuka.

WANAOPINGA MAGOROFA WANA HOJA
Kwanza maji. Dodoma ni kame, na kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Kuishi gorofa ya nne bila maji ni adhabu. Pili, mwenye kiwanja anafuga kuku, na akipata mshiko anaongeza chumba cha kupangisha. Gorofani huwezi.

MFANO WA DAR
Magomeni Kota, magorofa ya familia 644 yaliyozinduliwa 2022, yako jirani na Barabara ya Morogoro ambako mwendokasi ulianza 2016. Watu wengi, basi karibu: hesabu imekaa sawa. Ila abiria wa mwendokasi wamelalamika sana kujazana vituoni. Kwa hiyo gorofa na barabara havitoshi, mabasi lazima yawepo.

SASA TUFANYEJE
Siyo lazima wote tupande ngazi. Nyumba za gorofa mbili tatu zikae kandokando ya njia za daladala, viwanja vikubwa vibaki ndani. Muhimu zaidi, njia na vituo vitengwe KABLA viwanja havijauzwa. Barabara ya mzunguko wa nje, kama kilomita 112 kupitia Nala, Veyula, Mtumba na Matumbulu, itavuta watu wajenge mbali zaidi. Tukigawa kwanza na kufikiria basi baadaye, njia itapatikana kwa kubomoa nyumba za watu na kulipana fidia.

Wewe mdau uko upande gani? Na ukishuka daladala, unatembea dakika ngapi hadi home?