Mavune Bila Jembe

Aliyelima kutwa huamka na mavune: mwili mzito, misuli inamuuma, na sababu anaijua. Mwenye fibromialgia huamka na mavune yale yale bila kushika jembe, tena hayamtoki kesho wala keshokutwa. Madaktari husubiri maumivu yaliyotapakaa mwilini yatimize angalau miezi 3 kabla ya kuutaja ugonjwa huu.

Majina yake yamezoea kusingizia. Mwaka 1904 William Gowers wa London, akieleza maumivu ya kiuno, alibuni neno “fibrositis”, ambalo kiishio chake kinadai kuna uvimbe. Uvimbe ukatafutwa, haukuonekana. Mwaka 1976 likaja “fibromialgia”, linalosema tu kwamba nyuzi na misuli vinauma. Sisi nasi husema “baridi yabisi”, na viungo vikabebeshwa lawama isiyo yao. Mshukiwa wa leo ni mfumo wa neva, unaokuza kila ishara ya maumivu.

Upande wa tiba, Kiswahili kimebahatika. Wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya aina hii walipopitia ushahidi mwaka 2016, tiba waliyoipendekeza kwa nguvu kuliko zote, dawa zikiwemo, ilikuwa mazoezi. Siku hizi neno hilo linanuka jasho la jimu, lakini sikiliza mzizi wake: zoea, zoeza, zoezi. Ni kuuzoeza mwili. Leo dakika 10 za kutembea polepole, wiki ijayo labda 12, na mwili usipokubali unabaki pale pale.

Jamaa wa mgonjwa wao wana neno lao: “Jikaze!” Kwa misuli ambayo tayari imekaza, sijui ushauri mbaya zaidi. Mama mgonjwa akiamka na nafuu hujikaza, akafua nguo za wiki nzima, akapiga deki nyumba yote, kisha siku mbili zinazofuata haondoki kitandani. Afadhali ajipimie: beseni moja, apumzike, deki ingoje kesho. “Kujipimia” ndiyo istilahi ninayoipigia debe.

Wale wataalamu wa Ulaya walikubali pia, kwa uzito mdogo, tai chi, yoga, ushauri wa kisaikolojia na “tiba ya maji”. Hili la mwisho linanikera, maana msikiaji hukimbilia kunywa maji kwa jagi, ilhali hapa hutumika maji ya uvuguvugu ya kuogea, na mara nyingi mtu hujinyoosha humo humo. “Mazoezi ya majini” lingefaa, kama si kwamba Pwani wapo watakaouliza ni majini gani.