Hukumu ya Vitabu Mjini Paris

Tarehe 5 Januari 1665, Denis de Sallo, mshauri katika mahakama kuu ya Paris, aliyejisitiri kwa lakabu ya Sieur d'Hédouville, alitoa toleo la kwanza la Journal des sçavans, jarida la kurasa 12 lililowaarifu maulamaa habari za vitabu vipya, wanazuoni waliofariki na hukumu za mahakama. Walakini hakutosheka na kuarifu. Alihukumu, tena kwa kalamu kali, na alipogusa mamlaka ya Papa, ghadhabu za wakubwa zilimshukia hata akanyang'anywa idhini ya kuchapisha baada ya matoleo 13 tu.

Padri Jean Gallois, aliyelifufua mwaka 1666, alishika hadhari: aghalabu alieleza yaliyomo kitabuni, na hukumu akamwachia msomaji. Ni busara, ingawa ladha, kwa maoni yangu, ilipungua. Mwaka 1701 Padri Jean-Paul Bignon aliliweka chini ya jopo la wahariri, kila mmoja na fani yake.

Jopo hilo, hata hivyo, lilipima vitabu vilivyokwisha kuchapwa. Kuhusu makala ambazo bado hazijachapwa, Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, iliunda kamati ya kuzichagua mwaka 1752, wajumbe wakipiga kura ya siri, na ripoti za wajuzi zilizoandikwa zikaanza mwaka 1832.