KIOO CHA DARUBINI: HISTORIA YA KAZI NA TATIZO LA ISTILAHI

Neno darubini lina asili ya Kiajemi, nalo halimpi mfasiri taabu. Taabu huanzia ndani ya darubini, kwenye kile tukiitacho kioo. Kioo ni kitu cha dirishani. Kioo pia ni kitu cha kujitazamia. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa njia ya historia, kwa nini maana hizo mbili hazina budi kutenganishwa.

Mwaka 1668 Isaac Newton wa Uingereza alitengeneza darubini iliyokusanya mwanga kwa uso uliobonyea badala ya lenzi. Uso huo ulikuwa wa metali, mchanganyiko wa shaba na bati hasa. William Herschel, aliyekuwa mwanamuziki, alisubu na kung'arisha vya kwake mwenyewe, na kwa kimojawapo aliigundua sayari ya Uranusi mwaka 1781. Ndipo mwaka 1857 Léon Foucault wa Ufaransa akatumia kioo kilichopakwa fedha. Basi mwalimu aandikaye "kioo cha Newton" humfundisha mwanafunzi jambo lisilokuwako.

Kazi hiyo haikubaki mikononi mwa wataalamu. Mwaka 1920, mjini Springfield, Vermont, nchini Marekani, Russell Porter aliwafundisha wafanyakazi wa viwandani kujitengenezea darubini. Visahani viwili vya kioo kinene huwekwa kimoja juu ya kingine, unga wa kusagia na maji vikiwa kati yao. Cha juu husukumwa mbele na nyuma huku kikizungushwa, hata kikabonyea, na cha chini kikabinuka. Unga hubadilishwa kutoka wa chengachenga hadi ulio laini kabisa, kisha uso hung'arishwa juu ya lami ngumu. Hitilafu inayovumiliwa ni takriban sehemu 1 ya 10,000 ya milimita. Hata hivyo kazi yote ni ya mkono.

Jambo hili linaihusu Arusha kwa njia mbili. Kwanza, katika miaka ya 2010 mradi uitwao Telescopes to Tanzania uliwafikishia darubini walimu na wanafunzi wa eneo hilo. Kioo cha nyumbani hupakwa nyuma, kwa hiyo hupanguswa bila hofu. Cha darubini hupakwa mbele, siku hizi kwa alumini, na kitambaa kikavu hukikwaruza. Maelezo yasemayo tu "pangusa kioo" yaweza kuiharibu darubini ya shule nzima. Pili, chini ya Mlima Meru kuna ufundi ulio ndugu wa kazi hii: Kituo cha Jimolojia Tanzania, kilichoko Arusha, hufundisha kukata na kung'arisha vito. Kusaga, kusugua, kung'arisha, kupiga msasa: vitenzi tunavyo, tena msasa ni jina la mti ambao majani yake makavu mafundi waliyasugulia mbao. Hapa hapahitajiwi kukopa.

Kinachokosekana ni jina la kitu chenyewe. Tunapendekeza kioo kibaki jina la mata, na kiakisi kiwe jina la uso urudishao mwanga, uwe wa metali au wa kioo. Tutapata kiakisi mbonyeo, kiakisi mbinuko, na darubini akisi mkabala wa darubini ya lenzi. Kujitazamia, watu waendelee kujitazamia katika kioo. Istilahi haikuja kuwanyang'anya watu neno lao.