Juhudi Kamili: Fasili ya Istilahi ya Mazoezi na Haki ya Waasisi Wake

Katika elimu ya mazoezi ya mwili pana istilahi moja ya Kiingereza, high intensity training, ambayo kwa zaidi ya miaka 50 imekuwa ikitajwa na wanyanyua vyuma, makocha na matabibu wa viungo, na ambayo sasa imeingia katika kumbi za mazoezi za miji yetu, kwa vinywa vya vijana wenye vyuma vya kununua na vya wale wanaojaza saruji katika makopo ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba. Walakini kila aitajaye huikusudia maana yake mwenyewe, na aghalabu asili yake haijui. Huyu husema mazoezi makali, yule mazoezi mazito, na wa tatu mazoezi ya nguvu, nao wote watatu hawasemi jambo moja. Katika makala haya nakusudia kuifasili istilahi hiyo, kuipendekezea jina la Kiswahili, na kuwataja walioiasisi, kwa sababu nasadiki kwamba istilahi isiyofahamika hupotosha vitendo, na elimu isiyotajiwa wenyewe ni amana iliyofanyiwa hiana.

Tuanze na maana. Wataalamu wa mazoezi wenyewe wamehitilafiana juu ya kipimo. Wako wanaopima kwa uzito: ikiwa mtu aweza kunyanyua kilo 100 mara moja tu wala hawezi mara ya pili, basi kilo 80 kwake ni asilimia 80, na asilimia hiyo ndiyo daraja ya zoezi lake. Wako wengine, nao ndio wenye istilahi tunayoizungumza, ambao kwao mizani si chuma bali ni mtu: huuliza ni sehemu gani ya uwezo ulionao msuli katika dakika ile ile inayotumika kulifanya tendo. Kwa mizani ya kwanza, kijana anyanyuaye kilo 40 mara nne, kisha akaziweka chini ilhali angeweza kufika mara kumi na mbili, amefanya zoezi kubwa kuliko mzee anyanyuaye kilo 8 ambazo ni asilimia ndogo zaidi ya uwezo wake wa juu. Kwa mizani ya pili, ikiwa mzee huyo amezinyanyua kilo zake nane hadi mkono ukagoma kupanda tena, yeye ndiye aliyefanya zoezi la daraja ya juu kabisa, na kijana amecheza tu.

Sababu ya kuipa juhudi cheo hicho imo ndani ya mwili. Msuli ni mkusanyiko wa nyuzi zilizogawanywa katika vikosi, na kila kikosi huamrishwa na neva yake. Mwaka 1965 Elwood Henneman, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wenzake, walibainisha kwamba vikosi haviitwi kazini ovyo, bali kwa utaratibu: vidogo vyenye neva ndogo hutangulia, na vikubwa vyenye nguvu nyingi huitwa baadaye, kadiri haja ya nguvu inavyozidi. Mtu akinyanyua uzito wa wastani, marudio ya mwanzo huyamaliza kwa vikosi vidogo, na vile vikubwa vimelala; lakini kadiri vidogo vinavyochoka, ndivyo vikubwa vinavyoamshwa, hata katika rudio la mwisho, lile la kutetemeka mikono na kusaga meno, karibu msuli wote umekwisha ingia kazini. Kwa hiyo marudio mawili matatu ya mwisho, ambayo watu wengi huyakimbia kwa kuwa yana taabu, ndiyo yenye faida kubwa katika seti nzima, yaani mfululizo mmoja wa marudio.

Maana ikiwa ni hiyo, tutafute jina. Mazoezi mazito halifai, kwani linautaja uzito wa chuma, na tumekwisha ona kwamba chuma chepesi chaweza kuleta juhudi yote. Mazoezi makali limeenea na lina ladha nzuri, walakini ukali huwatisha wagonjwa na wazee ambao ndio wenye haja kubwa, na huwafanya vijana wadhani kwamba kurusha chuma kwa pupa na kelele ndiyo shabaha. Mtu wa pwani yamkini angependa mazoezi shadidi, kwa kuwa neno hilo ni la ukoo mmoja na shidda ya Kiarabu, yaani ukali na nguvu ya jambo, ambayo kwetu imekuwa shida yenye maana ya dhiki. Lakini katika matumizi ya leo shadidi humwelekea mtu aliyeshikilia rai yake pasi na kulegea, na kulihamisha neno hilo kutalitia utata. Mimi napendekeza mazoezi ya nguvu ya juhudi kamili, au kwa mkato mazoezi ya juhudi kamili. Juhudi ni neno linalojulikana na kila mtu, nayo hupimwa kwa mwenyewe mtendaji. Na kamili huonyesha ya kuwa halikusazwa kitu. Ile hali ya msuli kutoweza kurudia tena, ambayo wengine huifasiri kuwa kushindwa, naiita ukomo, kwani aliyefika hapo hakushindwa: amewasili mahali alipokuwa akienda.

Baada ya jina, ije nasaba. Wanavyuoni wa pwani yetu walikuwa hawaoni elimu kuwa imetimia mpaka mwanafunzi ajue isnadi yake, kwamba kaipokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata kufika kwa mwenyewe. Na ijaza ya kusomesha ilikuwa na silsila hiyo ndani yake. Adabu hiyo yapaswa kuenea hata katika elimu ya vyuma.

Katika karne ya 19 Gustav Zander, tabibu wa Stockholm nchini Uswidi, alifungua mwaka 1865 taasisi ya mazoezi yenye mashine za wenzo na mizani, kila moja kwa kundi lake la misuli, akitaka uzito uongezwe au upunguzwe kwa kadiri ya nguvu ya mgonjwa. Baadaye Max Herz wa Vienna alitengeneza mashine zenye gurudumu lisilo duara kamili, ili ulemeo ufuate nguvu ya msuli inavyobadilika. Watu hawa leo hawatajwi ila na wachache, ingawa mashine nyingi za kumbi zetu ni wajukuu wa mashine zao.

Kisha akaja Thomas DeLorme, tabibu kijana wa jeshi la Marekani, ambaye mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika hospitali ya Gardiner mjini Chicago, palipojaa askari wenye magoti yaliyojeruhiwa na misuli iliyonyauka. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi yenye marudio mengi sana. DeLorme, ambaye mwenyewe alinyanyua vyuma ili kujiimarisha baada ya ugonjwa wa ujanani, aliigeuza desturi hiyo: alitafuta kwa kila mgonjwa uzito awezao kuunyanyua mara kumi tu wala si kumi na moja, akaufanya huo ndio kipimo, na nguvu zilipoongezeka naye akauongeza uzito. Aliyatangaza matokeo yake mwaka 1945. Hapo kwanza aliwaamuru wagonjwa seti saba hadi kumi. Mwaka 1948, pamoja na mwenziwe Arthur Watkins, akatambua kuwa wingi huo ulikuwa ziada, akazipunguza kuwa tatu, na katika hizo tatu ni ya mwisho peke yake iliyokuwa na uzito kamili. Msomaji akitazama vizuri ataona kwamba mbegu ya juhudi kamili imekwisha pandwa hapa: kipimo ni uwezo wa mtu, na seti moja ya kweli ndiyo nguzo ya kazi yote.

Aliyeifanya mbegu hiyo kuwa mti ni Arthur Jones, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2007, mtu asiye na shahada, aliyekuwa rubani na mfanyabiashara wa wanyama, na aliyeishi miaka kadhaa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, akipiga sinema za wanyama pori. Jambo lililomshughulisha kwa miaka mingi msomaji aweza kulijaribu sasa hivi. Shika chuma, simama wima, kisha kunja viwiko. Mikono ikiwa imening'inia, chuma hakilemei. Vigasha vikilala sambamba na ardhi, hulemea kuliko pote. Kikikaribia mabega, ulemeo hupungua na msuli hupumzika. Maana yake ni kwamba katika mwendo mzima msuli hufanya kazi ya haki katika kipande kidogo tu. Jones alifunga mnyororo wa mashine yake katika gurudumu ambalo upana wake hubadilika kila linapozunguka, ili pale msuli ulipo na nguvu ulemeo uzidi, na pale ulipo dhaifu upungue. Umbo la gurudumu hilo lilifanana na kombe la nautilus, mnyama wa baharini, na ndipo mashine zake, zilizoanza kuuzwa mwaka 1970 kutoka Florida, zikapewa jina la Nautilus.

Lakini fikra zake zilizidi mashine zake. Katika maandishi aliyoyatoa kuanzia mwaka huo huo alifundisha kwamba zoezi likiwa na juhudi kamili haliwezi kuwa refu, na likiwa refu haliwezi kuwa na juhudi kamili. Kwamba msuli haukui wakati wa mazoezi bali wakati wa mapumziko. Na kwamba azidishaye siku za mazoezi huuibia mwili wakati wa kujijenga. Kanuni iliyotokana na mafunzo hayo ilikuwa nyepesi kuikariri na nzito kuitenda: seti moja kwa kila zoezi, marudio nane hadi kumi na mawili, kupandisha kwa sekunde 2 na kushusha kwa sekunde 4, hadi ukomo, siku tatu kwa wiki.

Insafu yanilazimu niseme na upande wa pili. Mwezi wa Mei 1973, mjini Fort Collins, katika chuo kikuu cha Colorado State, Jones alimfanyisha mazoezi Casey Viator kwa siku 28, kisha akatangaza kuwa kijana huyo ameongeza ratili 63 za msuli, yaani karibu kilo 29. Viator alikuwa amechukua taji la Mr. America mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 19, na kabla ya jaribio hilo alikuwa amepoteza uzito mwingi baada ya ajali ya kazini iliyomkata kidole. Basi sehemu kubwa ya msuli ule ilikuwa yake tangu hapo, ikirejea ilipotoka. Kuitumia hesabu hiyo kuwaahidi watu wa kawaida ni udanganyifu, na mwenye kuipenda elimu hii hana haja nayo.

Baada ya Jones, Ellington Darden, aliyekuwa mkuu wa utafiti katika kampuni ya Nautilus, aliipanga elimu hiyo katika vitabu, kimoja cha mwaka 1984 kikiwa na maneno high-intensity ya istilahi yetu katika anwani yake. Mike Mentzer, aliyepata alama zote 300 katika mashindano ya Mr. Universe ya mwaka 1978, aliiendeleza kwa lakabu ya Heavy Duty, akipunguza siku za mazoezi zaidi ya mwalimu wake. Dorian Yates wa Birmingham, Uingereza, alichukua taji la Mr. Olympia mara sita mfululizo, tangu 1992 hadi 1997, kwa njia iliyojengwa juu ya misingi hiyo. Na huyu bingwa, ambaye angeweza kujinasibia kila kitu, amewataja hadharani Jones na Mentzer kuwa ndio aliojifunza kwao.

Nionye pia juu ya kuchanganya istilahi hii na ile ya mazoezi ya vipindi, ambayo ni ya moyo na pumzi zaidi kuliko nguvu za msuli. Mashuhuri katika hayo ni utaratibu wa sekunde 20 za kazi na 10 za mapumziko uliochapishwa mwaka 1996 na Izumi Tabata wa Japani, na dunia nzima ikauita kwa jina lake. Tabata mwenyewe ameeleza kwamba utaratibu huo hakuubuni yeye, bali Irisawa Koichi, kocha wa timu ya Japani ya mbio za kuteleza juu ya barafu. Yeye aliupima tu. Huo ndio uungwana wa elimu.

Na juhudi kamili yafaa nini kwetu? Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa kwa anayeanza seti moja yatosha kumwongezea nguvu, kuwa seti kadhaa huzidisha kidogo ukuaji wa msuli, na kuwa kuukaribia ukomo huleta faida karibu sawa na kuufikia. Kwa hiyo njia hii si ya pekee, wala asiyeifuata hakukosea. Lakini kwa mama mwenye duka, dereva na mwalimu, ambao kwa wiki wana muda wa saa moja na nusu tu, ni rehema kubwa kujua kwamba muda huo mchache, ukitumiwa kwa juhudi ya kweli, unatosha kuuhifadhi mwili. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone tabibu kwanza, na kila mtu ajifunze mwendo sahihi kwa uzito mwepesi kabla ya kuutafuta ukomo.

Nawasihi basi makocha na waandishi wa Kiswahili mambo mawili. Mkiifundisha njia hii, iteni mazoezi ya juhudi kamili, mkamweleze mwanafunzi kwamba kipimo ni juhudi yake mwenyewe wala si chuma cha jirani yake. Na kabla hajaondoka ukumbini, mtajieni DeLorme na Jones, Darden na Mentzer, na walio nyuma yao Zander na Herz, kwani hakuna hata mmoja wetu aliyeivumbua njia hii, na kuwataja walioivumbua hakutugharimu kitu.