Mafuta ya karafuu

Mafuta ya karafuu ni mafuta tete, yaani yanayonukia na kuruka hewani, ambayo hutolewa katika mkarafuu (Syzygium aromaticum) kwa njia ya ukenekaji: mvuke hupitishwa kwenye karafuu, makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) au majani, kisha hupozwa hadi maji na mafuta yajitenge. Mafuta mengi ya namna hii huelea juu ya maji. Haya ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo huzama, na mkenekaji huyachota chini ya chombo. Miongoni mwa mafuta ya mimea ya dawa, ni machache yaliyopimwa mara nyingi kama haya kwa uwezo wa kuzuia oksidisho na kuua vijidudu.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na Sultani Seyyid Said akahimiza upandwe kwa wingi, katika mashamba yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, kipo kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) kinachokeneka makonyo ya karafuu pamoja na mimea mingine kama mchaichai.

Ubora wa mafuta hutegemea sehemu ya mti iliyotumika. Karafuu zenyewe huchumwa kabla ya ua kufunguka, zikaondolewa makonyo na kuanikwa juani kwenye majamvi. Zikikauka huwa na mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo yana asilimia 5 hadi 7 tu, na majani hayafiki hata hapo. Kiungo kikuu katika yote ni eugenoli, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 70 na 90 ya mafuta ya karafuu, na hupita 90 katika baadhi ya mafuta ya makonyo. Karafuu huzidi kwa asetati ya eugenoli, ambayo huchangia harufu laini. Kwa kazi ya dawa, basi, makonyo ambayo wengi huyaona mabaki si kitu cha kudharauliwa.

Uwezo wa kuzuia oksidisho unatokana na umbo la eugenoli, ambayo ni fenoli. Mafuta ya kupikia au ya samaki yakikutana na hewa, joto na mwanga, huzaa radikali huru, yaani chembe zisizotulia. Kila moja hushambulia molekuli iliyo jirani na kuzaa nyingine, hadi chakula kinachacha. Eugenoli huipa radikali hiyo atomu yake ya haidrojeni na kuituliza. Yenyewe hubaki radikali, lakini dhaifu isiyoweza kuendeleza mnyororo. Maabara hupima jambo hili kwa DPPH, kemikali ya rangi ya zambarau inayogeuka njano inapokutana na kizuia oksidisho, na mafuta ya karafuu huigeuza kwa kiasi kidogo sana. Ya mkaratusi, ambayo kiungo chake kikuu ni sineoli isiyo fenoli, hufanya kazi hiyo kwa unyonge. Hata hivyo, kipimo cha eugenoli kikizidi mno, mambo hugeuka: yenyewe huchochea oksidisho na kudhuru seli.

Dhidi ya vijidudu, eugenoli hupenya utando wa seli, ambao umejengwa kwa mafuta. Utando hulegea, chumvi na nishati ya seli huvuja, na bakteria hufa. Staphylococcus aureus, anayesababisha majipu, huathirika, na Escherichia coli pia. Vilevile huathirika Candida albicans, kuvu wa mdomoni na ukeni. Pseudomonas aeruginosa ni mgumu zaidi: ana utando wa nje unaozuia mafuta kuingia, na pampu za kuyatoa yanapopenya. Kwa hiyo anayesema mafuta ya karafuu huua kila kijidudu anasema lisilo kweli.

Jina la mmea nalo halitoshi kujua nguvu ya mafuta yake. Kivumbasi (Ocimum gratissimum) cha eneo moja huweza kujaa eugenoli, na cha eneo jingine kikajaa thimoli, ingawa kwa macho ni mmea uleule. Mdalasini hutoa sinamaldehidi katika gome na eugenoli katika majani. Utafiti usiotaja sehemu ya mmea na viungo vya mafuta yaliyopimwa hauna thamani kubwa, na chupa ya sokoni isiyotaja hayo haistahili kuaminiwa.

Matumizi yenye msingi imara ni ya meno. Desturi ya kung'ata karafuu kwenye jino linalouma ina sababu, kwani eugenoli hutia ganzi, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Katika vyakula, mafuta haya huchelewesha kuchacha na kuota ukungu, lakini kipimo kinachotosha kwenye sahani ya maabara hakitoshi kwenye nyama au jibini, maana mafuta na protini za chakula huimeza eugenoli. Ukiongeza kipimo, harufu hushinda chakula chenyewe.

Umbali kati ya sahani ya maabara na mwili wa mgonjwa ni mkubwa zaidi. Kuua bakteria kwenye kioo hakuthibitishi kuponya nimonia wala homa ya matumbo, na mgonjwa wa maradhi hayo anahitaji hospitali. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) wameweka kikomo cha miligramu 2.5 za eugenoli kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta haya kina takriban gramu 4 za eugenoli, zaidi ya mara 100 ya kikomo cha mtoto wa kilo 10. Watoto waliokunywa kiasi kama hicho wamepata degedege, wamezimia na kuharibika ini. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiyanywe, kwa kuwa eugenoli huzuia chembe sahani zisishikamane.

Yatumie kwa matone, yaliyozimuliwa, juu ya jino au ngozi isiyo na jeraha. Yahifadhi katika chupa ya kioo cheusi, kwa kuwa eugenoli huyeyusha baadhi ya plastiki, na iweke mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.