Ndege iliyowabeba askari wetu, na ugomvi wa Coandă

Desemba ikirudi, huku Nyamugari ya Gitega tunaikumbuka ile ya 2013, ndege za C-17 za jeshi la Marekani zilipotua Bujumbura kuwachukua askari wetu wa Burundi wapatao 850 kwenda kulinda amani Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Askari tunawataja. Ndege yenyewe hatuitaji, nayo ina historia yake.

Rubani wa C-17 akishusha flapi, vile vibao vya nyuma ya bawa, hewa moto ya injini nne huzigonga, hupenya katikati yake na kupindishwa chini. Bawa husukumwa juu hata mwendo ukiwa mdogo, na dude lile hutosheka na njia ya mita 1,000 hivi. Wazo ni la John Campbell wa NACA, iliyokuja kuwa NASA, miaka ya 1950. Ndege ya majaribio, YC-15, iliruka 1975.

Hewa kufuata mgongo wa kitu uliopinda, kama inavyofuata flapi hizo, huitwa athari ya Coandă, na hapo ndipo penye ugomvi. Mromania Henri Coandă alionesha Paris, 1910, ndege isiyo na panga mbele. Injini ya pistoni iliendesha feni. Miaka ya 1950, mzee sasa, akasimulia kwamba Desemba ile ile ndege ilinyanyuka naye Issy-les-Moulineaux, ndimi za moto zikalamba na kufuata ubavu wa ndege, akazishangaa mpaka ikaanguka. Hadithi tamu! Mwanahistoria Mwingereza Charles Gibbs-Smith alipekua kumbukumbu za wakati ule, akasema hakuna kuruka wala moto. Mimi niko upande wake: Paris ya 1910 ilijaa waandishi wenye njaa ya habari za ndege, na moto kama huo usingewapita. Hata hivyo hataza ya Coandă ya 1934 ni ya kweli, na Bucharest imeupa uwanja wake jina lake.

Wasovieti nao waliitumia athari hiyo kwenye ndege yao An-72 mwaka 1977, injini zikiwa juu ya mabawa kama masikio, wakaibandika jina la Cheburashka, kikaragosi cha watoto.

Kichekesho ni kwamba Bujumbura, yenye njia ya mita 3,600, haikuhitaji ufundi huo. Ni huku milimani, mita 1,500 na zaidi, ambako hewa ni nyepesi na bawa hupata taabu. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, lakini mgeni wa ndege ya abiria bado hushukia Bujumbura, kisha apande kwa gari kama kilomita 100, kona baada ya kona.