Kima, Papa na Sehemu ya Msikilizaji

Mwaka 1870 kilichapwa London kitabu cha Edward Steere, Swahili Tales, mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu, hakuwa na nia ya kuwabembeleza watoto walale. Alikuwa mwanafunzi wa lugha, akiwatengenezea njia Wazungu wengine watakaojifunza baada yake. Bila kukusudia, aliwawekea watoto wa Waswahili akiba ambayo leo wengi wao, hasa waliozaliwa ughaibuni, huifikia kwa mlango wa uani.

Katika akiba hiyo kimo kisa cha kima na papa. Kima alikaa juu ya mkuyu ufukweni, akimdondoshea papa matunda. Papa, kwa kulipa fadhila, akamwalika kwao na kumbeba mgongoni. Walipofika kilindini akamfunulia kwamba sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kuwa moyo ameuacha mtini, kama ilivyo desturi ya kima wote. Basi papa akageuka. Alipokwisha kupanda mtini, kima hakushuka tena. Papa alipozidi kumwita, akamsimulia habari za punda wa dobi, aliyeponea chupuchupu makuchani mwa simba, kisha akashawishiwa na sungura kurudi palepale, akauawa. Sungura akala moyo na masikio. Simba alipoviulizia, akajibiwa kuwa punda yule hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi.

Kisa hiki hakikuzaliwa Unguja. Kimo katika Panchatantra ya Wahindi, na pia katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8. Kwa Wahindi rafiki wa kima ni mamba, na mti ni wa jamii ya mzambarau. Kwa Waarabu rafiki ni kasa, na mti ni mtini. Mkuyu wa Unguja nao ni ndugu wa mtini. Mbweha wa kule akawa sungura wa huku. Kila pwani iliyokipokea kisa ilikipandia mti wake, na hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba Waunguja walikiharibu. Mzazi wa Uingereza anayeona haya kubadili mkuyu, kwa kuwa mwanawe hajapata kuuona, anaona haya pasipo sababu.

Hasara ilitokea kwingine. Mwaka 1901 George W. Bateman alitoa Zanzibar Tales huko Chicago, nyingi zikiwa hadithi zilezile zilizomo katika kitabu cha Steere, sasa kwa Kiingereza peke yake. Majina ya kawaida ya wanyama yakageuka majina ya watu: kima akawa Keema, sungura akawa Soongoora. (Papa alikuwa na taabu yake, kwani masikioni mwa mtoto wa Kimarekani neno hilo ni baba.) Kitabu kina ucheshi wake na hakistahili kubezwa. Lakini kwa kuwa kinapatikana bure kwenye intaneti, na Kiingereza chake ni chepesi, ndicho kinachofunguliwa usiku katika nyumba nyingi, na mtoto mwenye bibi wa Unguja humjua kima kama mgeni mwenye jina geni.

Steere mwenyewe aliona jambo ambalo chapa yake haikuweza kulibeba: kwamba hadithi za wenyeji aghalabu huwa na kiitikio ambacho wote waliopo hukiimba pamoja. Msikilizaji ana kazi. Msimulizi akisema "Paukwa!" hawezi kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa!", na mtoto wa miaka mitatu, asiyejua hata sentensi moja kamili ya Kiswahili, anaweza kuitikia. Ndiyo maana dai kwamba watoto wa ughaibuni wasubiri mpaka lugha ikomae, ndipo wasimuliwe, linageuza mambo juu chini. Itikio ndilo neno lao la kwanza. Kima, papa, moyo na punda hufuata kwa kurudiwarudiwa, hata kama maelezo ya katikati yanatolewa kwa Kiarabu au Kiingereza.

Ukurasa wa Kiswahili wa mwaka 1870 haujapotea, nao unasomeka bila taabu kubwa. Mzazi wa Maskati au Leicester anaweza kuusoma peke yake mchana, kisha usiku akakiacha kitabu sebuleni. Akifika pale kilindini, papa amekwisha kutoboa siri na kima yuko mgongoni, anyamaze kidogo na kumwuliza mwanawe: moyo uko wapi? Papa atangoja hapo hapo majini mpaka mtoto ajibu.